Tom na Jerry Nyumbani kwa Mavyaa



Kila likizo ya shule inapokaribia, sisi akina mama tukikutana huulizana swali lile lile: watoto watashinda na nini? Hapo hutajwa runinga na simu, na hapo maoni hugawanyika. Wako wanaosema kwamba katuni zote ni upotevu wa wakati. Wako wanaoziacha zifanye kazi ya yaya tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Mimi leo sitazungumzia katuni zote. Nataka kuizungumzia moja tu, ambayo ni kongwe kuliko wengi wetu tunaolisoma jarida hili, ambayo mama zetu waliicheka, sisi tukaicheka, na sasa watoto wetu wanaicheka. Ni ile ya paka Tom na panya Jerry. Na nitaizungumzia kutoka mahali ambapo pengine hamkutarajia, yaani Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako ndiko kwao mume wangu.

Kwanza tuijue asili yake. Tom na Jerry ni kazi ya Wamarekani wawili, William Hanna na Joseph Barbera, walioajiriwa katika studio ya MGM huko California. Filamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya. Katika filamu hiyo paka hakuitwa Tom, aliitwa Jasper, na majina tunayoyajua yalikuja baadaye. Kati ya mwaka 1940 na 1958 wawili hao walitengeneza filamu 114, kila moja yapata dakika saba, na saba miongoni mwake zikapata tuzo ya Oscar. Hanna alifariki mwaka 2001 na Barbera mwaka 2006, nao walikuwa wameshirikiana kikazi kwa zaidi ya miaka 60. Ushirika wa namna hiyo, hata baina ya ndugu wa tumbo moja, si jambo la kuonekana kila siku.

Yafaa pia kuijua kazi iliyofanyika. Filamu hupitisha picha 24 katika kila sekunde moja. Kwa hiyo dakika saba zina picha zaidi ya 10,000. Hata kama mchoro mmoja ulitumika kwa picha mbili, bado ni maelfu ya michoro iliyochorwa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, kwa ajili ya kichekesho ambacho mtoto hukimaliza kabla chai yake haijapoa. Muziki nao ulitungwa kwa kipimo hicho hicho. Mtunzi wake, Scott Bradley, aliufuatisha na kila hatua ya paka na kila mruko wa panya, hata mtu akifumba macho aweza kujua ni nani anayenyata na ni nani anayekimbia. Yale mayowe ya Tom anapobanwa mkia yalitoka kinywani mwa Hanna mwenyewe.

Jambo moja hatulifikirii sana, nalo ni kwamba filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao. Zilionyeshwa katika majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa kuanza, mbele ya watu wa kila umri waliokaa pamoja gizani, babu kwa mjukuu. Ni katika miaka ya 1960 ndipo zilipohamia kwenye televisheni za Marekani, zikawekwa Jumamosi asubuhi, saa za watoto. Tangu hapo watu wazima wakaondoka kwenye kiti na mtoto akabaki peke yake na kioo. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa kuwa nitalirudia.

Sasa, kwa nini kichekesho cha mwaka 1940 bado kinachekesha? Watu wengi walikwisha kulijibu swali hili, na jibu jepesi ni kwamba Tom na Jerry hawasemi, au husema kwa nadra mno. Hakuna lugha ya kutafsiri. Mtoto wa Lamu na mtoto wa Lahore hucheka penye sekunde ile ile. Lakini kutosema peke yake hakutoshi. Ziko katuni nyingi zisizo na maneno ambazo hakuna azikumbukaye. Mimi naona sababu ya pili ina uzito zaidi: hadithi yenyewe tulikuwa nayo kabla hawajaichora. Ni hadithi ya mdogo asiye na nguvu anayeishi katika nyumba ya mkubwa mwenye makucha, naye huponea akili yake. Waswahili tunasema paka akiondoka panya hutawala. Jerry yeye hutawala paka akiwapo, na hapo ndipo penye kicheko.

Sisi wa Pwani tumelelewa na Sungura anayemshinda Simba. Edward Steere aliziandika ngano kama hizo kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, akazichapisha mwaka 1870 katika kitabu cha ngano za Kiswahili. Tumelelewa pia na Abunuwasi, asiye na cheo wala mali, anayewaacha matajiri na wakubwa wakikuna vichwa. Nao watu wa Afrika Magharibi na ya Kati waliopelekwa Marekani kwa minyororo walikwenda na sungura wao, akageuka huko kuwa Brer Rabbit, ambaye visa vyake vilichapishwa na Joel Chandler Harris mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sisemi kwamba Jerry ni mtoto wa Sungura. Hanna na Barbera hawakuhitaji kuja kwetu ili kujua kwamba paka humfukuza panya. Ninalosema ni kwamba mtu aliyekulia katika ngano za Sungura haoni ugeni wowote mbele ya Jerry.

Ukambani ngano hizi ni nyingi mno. Sungura kwao huitwa mbuku, na fisi huitwa mbiti. Msweden mmoja, Gerhard Lindblom, aliyekaa kwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikusanya ngano zao za wanyama na kuzitoa katika kitabu mwaka 1928. Baadaye msomi wa huko huko, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, alichapisha mkusanyiko wake wa ngano za Wakamba mwaka 1966. Kama mlivyokwisha kung'amua, jina lake maana yake ni fisi.

Wala Ukambani si mbali nasi kama tunavyodhani tunapopita usiku ndani ya basi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana sana Pwani. Wako Wakamba waliohamia Rabai na Shimba Hills vizazi vingi vilivyopita, nao leo ni majirani zetu. Huko Makueni uko mji uitwao Sultan Hamud, uliopata jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar siku za ujenzi wa reli. Watu waliotembea mwezi mzima pamoja na kulala penye moto mmoja, sidhani kwamba usiku walikuwa wakihesabu pembe tu. Bila shaka walisimuliana.

Nyumbani kwa mavyaa wangu ni upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui. Kutoka Mombasa hushika barabara ya Nairobi, tukapita Voi na Mtito Andei, na tukifika Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, tukakata kulia, tukauvuka Mto Athi na kwenda kwa lami hadi Ikutha na mbele. Ni nchi kame, yenye mibuyu na migunga, na mvua yake ikinyesha watu hushukuru kwa sauti. Mavyaa ni Muislamu wa kuzaliwa, na sala zake hazimpiti. Lakini Kiswahili chake ni cha salamu na cha dukani. Lugha yake ni Kikamba. Bintangu mkubwa, aliyekuwa na miaka saba wakati huo, amezaliwa na kukulia Mombasa. Anajua Kiswahili na Kiingereza cha shule, na Kikamba hajui hata kuomba maji. Kwa hiyo kila tulipokwenda, bibi na mjukuu walikuwa wakiamkiana, mtoto akibusu mkono, bibi akimshika kichwa na kumwombea dua, kisha mazungumzo yao yakawa yamekwisha. Baba yake akiwa karibu hutafsiri mawili matatu. Akiondoka, wawili hao hukaa kwenye jamvi moja kama wasafiri waliokutana stesheni.

Mwaka huo bavyaa alifariki mwishoni mwa Septemba. Shule zilipofungwa tulikwenda kukaa na mavyaa, aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa eda. Wanaoijua nyumba ya eda wanajua ninachokisema. Mavyaa hakuwa mgonjwa wala hakuwa akilia. Alikuwa kimya tu. Alikuwa akila kwa sababu amewekewa chakula, na kulala kwa sababu taa imezimwa. Runinga ndogo ya sola, ambayo bavyaa aliinunua kwa ajili ya taarifa ya habari, ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma tangu siku ya maziko, na hakuna aliyethubutu kukifunua.

Alasiri moja ya mvua, baada ya sala, bintangu alimwomba baba yake amfungulie katuni zilizokuwamo katika flashi aliyokuja nayo kutoka Mombasa. Baba yake alimtazama mama yake. Mavyaa akaashiria kwa mkono kwamba hana neno. Sauti ikapunguzwa mpaka ikabaki kama mnong'ono. Ilikuwa ni ile filamu ambayo Tom amevaa suti ya heshima na anapiga piano mbele ya hadhira, naye Jerry amelala ndani ya piano hiyo hiyo na usingizi wake umeharibika. Mavyaa alikuwa nyuma yetu akichagua pojo kwenye uteo. Nilikuwa nikiisikia sauti ya pojo zikigongana. Kisha sikuisikia tena. Nikageuka, nikamwona mikono imesimama juu ya uteo na macho yako kwenye kioo. Kidole cha Tom kilipobanwa na kifuniko cha piano, mavyaa alitoa sauti ambayo kwanza niliidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Mtoto akageuka kumtazama bibi yake, naye akacheka kwa kumwona anacheka, na wote wawili wakashindwa kujizuia.

Filamu ilipokwisha mavyaa alisema maneno machache kwa Kikamba. Bintangu akadakia, "Baba, bibi amesema nini?" Mume wangu akasita kidogo kabla ya kujibu. "Anasema huyo si panya. Huyo ni mbuku."

Kuanzia siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, bibi na mjukuu walikaa pamoja mbele ya runinga kwa filamu mbili au tatu, si zaidi. Mavyaa hakuacha kushangaa kwamba yeye, ambaye panya humlia mahindi ghalani kila mwaka, leo anamwombea panya aponee. Aliweka sharti moja, akalisema kwa Kiswahili chake mwenyewe na mtoto akalielewa: "Huyu akae huko huko kwa runinga. Kwangu asikuje."

Wifi yangu mmoja hakulipenda jambo hilo, na sikumlaumu. Alituita kando akasema, "Watu wakipita njiani wakasikia kicheko katika nyumba ya eda, watasema nini juu ya marehemu?" Ni swali la haki kwa mtu anayeichunga heshima ya baba yake. Mume wangu alikwenda kumwuliza sheikh tunayemwamini. Jibu lake lilikuwa fupi: mwenye eda hukaa nyumbani kwake, huacha mapambo na manukato na haposwi, lakini hakuna aliyemharamishia kufurahi na mjukuu wake, mradi sala zisipite na nyumba isigeuzwe ukumbi wa sherehe. Wifi alinyamaza, ingawa uso wake haukukubali. Aliyemaliza maneno ni mavyaa mwenyewe. Alisema, na mume wangu akatufasiria: "Mtoto huyu ameingia nyumba hii miaka saba, nami sijapata kuzungumza naye. Nimekuwa nikimpa chakula tu." Hakuna aliyeongeza neno. Wifi alikwenda jikoni, na aliporudi alikuwa na chai ya watu wote.

Kisha mbingu zikafunga. Siku tatu mfululizo jua halikuonekana, betri ya sola ikaisha, na runinga ikazima katikati ya mbio. Nilidhani mtoto atalia. Mavyaa akaivua leso aliyokuwa amejitanda, akaisokota mpaka ikawa kama kamba, ncha moja akampa bintangu na ncha ya pili akaishika mwenyewe, akaanza kusimulia kwa Kikamba. Ngano yenyewe baadhi yenu mnaijua: sungura anamwendea ndovu na kumwambia kwamba yeye, pamoja na udogo wake, anaweza kumvuta kwa kamba. Kisha anakwenda mtoni na kumwambia kiboko maneno yale yale. Anawapa ncha mbili za kamba moja, mmoja kichakani na mwingine majini, halafu anakaa juu ya kichuguu akiwatazama wakubwa hao wakivutana mpaka jioni, kila mmoja akiamini kwamba anavutana na sungura. Mavyaa alitunisha mashavu akawa ndovu. Akazama chini ya mto wa kitanda akawa kiboko. Akasimamisha vidole viwili juu ya kichwa akawa mbuku. Mtoto hakuwa na neno hata moja la Kikamba, lakini alicheka penye mahali pote pa kuchekea. Usiku ule alinijia akiwa na maneno mawili: mbuku, na nzou, yaani ndovu. Kesho yake alikuwa na matano.

Wazazi wenzangu, nimelifikiria sana jambo hilo. Katuni haikumfundisha bintangu Kikamba, wala haikumponya mavyaa huzuni yake. Eda ya moyo haina hesabu ya siku. Kilichofanyika ni kwamba katuni isiyo na maneno iliwaweka mahali pamoja, ikawachekesha kwa jambo moja, kisha ikazimika na kuwaachia nafasi. Kama ingekuwa imejaa maneno ya Kiingereza, bibi angebaki nje. Kama mtoto angekuwa na simu yake pembeni, hakuna ambaye angesema kwamba panya yule ni mbuku. Niliyaona haya kwa macho yangu tuliporejea na kulala kwa jamaa zetu huko Makueni, katika nyumba yenye umeme wa uhakika na simu tatu. Watoto watano walikuwa wakitazama katuni, wengine Tom na Jerry hao hao, kila mmoja kichwa kimeinama kwenye kona yake, na chumba kizima hakikuwa na kicheko. Mama yao aliniambia kwa furaha, "Hawa hawana kelele." Ni kweli hawakuwa na kelele.

Nisije nikaonekana nimekuwa wakili wa Tom na Jerry, acha niyataje na yale ambayo mzazi hana budi kuwa macho nayo.

La kwanza ni mapigo. Tom hupigwa nyundo, huchomwa moto, hubanwa mlangoni, na sekunde ya pili yuko mzima. Mtoto mdogo hajui kwamba paka wa kweli hafufuki namna hiyo. Mwanangu wa pili, wa miaka minne, aliwahi kumnyanyulia ufagio paka wa jirani huku akicheka. Hapo hapo nilimketisha nikamweleza habari aliyotusimulia Mtume (s.a.w.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie, mpaka akafa. Nikamweleza na kuhusu Abu Huraira, ambaye jina lake hilo alilipata kwa ajili ya paka wake mdogo. Tangu hapo, Tom akipigwa sana, yeye ndiye husema, "Lakini huyu ni wa kuchorwa." Somo hilo katuni haikulitoa. Lilitoka kwa mtu aliyekaa kando yake.

La pili ni zito zaidi, na wengi wetu hulipita bila ya kuliona. Katika filamu za miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuna mwanamke mweusi katika nyumba anayoishi Tom. Humwona miguu yake, soksi zake na aproni yake, na husikia sauti yake kali, lakini uso wake karibu hauonekani kabisa. Sauti hiyo ilikuwa ya mwigizaji mweusi, Lillian Randolph. Weusi wa Marekani walilalamika kwamba wanachorwa kama watumishi wa kuchekwa, na baada ya mwaka 1952 mama huyo hakuonekana tena katika filamu mpya. Baadaye, zilipopelekwa kwenye televisheni, baadhi ya filamu za zamani zilibadilishwa sauti au michoro yake. Ziko pia filamu ambazo mlipuko humfanya mhusika awe na uso mweusi na midomo mikubwa, na watazamaji wa siku hizo wakatarajiwa kucheka. Watoto wetu ni weusi. Wakiliona hilo pasiwe na mtu wa kusema neno, hulimeza na kicheko. Bintangu aliniuliza, "Kwa nini yule mama hana uso?" Nilimjibu kwamba aliyemchora hakutaka kumtazama usoni, na kwamba kosa ni la mchoraji. Alifikiri kidogo, akachukua karatasi akamchorea uso. Alimchora amevaa mtandio.

La tatu ni wakati. Filamu za Hanna na Barbera zilikuwa na mwisho: dakika saba, kisha pazia. Simu za leo hazina mwisho. Ikiisha moja huja nyingine bila ya kuombwa, na katikati yake huingia matangazo na katuni za kughushi zenye sura za Tom na Jerry lakini zenye mambo ambayo hakuna mzazi angeyaruhusu. Kwa sababu hiyo mimi naipenda flashi. Najua kilichomo ndani yake, na kikiisha kimeisha.

Wako watakaouliza kwa nini tuhangaike na paka wa Marekani, ilhali tunao wachoraji wetu. Swali ni jema. Kutoka Dar es Salaam tumepata Ubongo Kids, inayofundisha hesabu kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Nairobi ndiko ilikotengenezwa Tinga Tinga Tales, iliyotoka mwaka 2010, yenye ngano za wanyama wetu na michoro iliyofuata mtindo wa Tingatinga wa Tanzania. Watoto wangu wanazitazama zote mbili nami nafurahi. Hata hivyo, zote mbili husema, na kusema kwake huchagua msikilizaji. Kwa bibi wa Mutomo asiyejua lugha ya katuni, paka na panya wasiosema walikuwa na faida ambayo waliozichora hawakuikusudia.

Kwa hiyo ninalowaomba akina mama na akina baba kwa likizo ijayo ni jambo dogo. Ikiwa mtoto atatazama, mketisheni karibu na mtu mzima, na hasa mzee ambaye hana lugha moja naye, kwa maana nyumba nyingi za Pwani sasa zina watoto wasiojua Kibajuni cha bibi, Kidigo cha babu, Kikamba cha shangazi. Chagueni filamu mbili tatu, baada ya sala na kazi za nyumbani. Zikiisha, zimeni kabisa, kisha mwulizeni mzee: hii inakukumbusha ngano gani? Msiwe na haraka ya kutafsiri. Waacheni wahangaike kidogo na vidole, mashavu na leso.

Eda ya mavyaa ilimalizika mapema mwezi wa Februari, sisi tukiwa tumekwisha rudi Mombasa. Siku hizi kila Ijumaa, baada ya sala, simu hulia, na anayetafutwa si mimi wala si mwanawe. Bintangu huipokea, akaenda nayo uani, na nikisikiliza husikia Kikamba kilichovunjika, Kiswahili cha dukani, na kicheko. Kuna mengi wanayoambiana ambayo mimi siyaelewi, nami sijaomba kutafsiriwa. Mola amrehemu bavyaa wangu, na awape wazee wetu waliobakia umri wa kutosha kuzimaliza ngano zao.